Tamkeni Wazi Kompyuta ya Mwanafunzi wa Usanifu Majengo

WARAKA WA WAZI

Kwa: Wakuu wa Idara za Usanifu Majengo,
Vyuo Vikuu vya Tanzania.

YAH: MWONGOZO WA KUNUNUA KOMPYUTA MPAKATO KWA WANAFUNZI WAPYA

Ndugu Wakuu wa Idara,

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yanapotangazwa, simu za wazazi huanza kuingia katika ofisi yetu ndogo ya usanifu majengo hapa Dar es Salaam. Wengine ni jamaa, wengine ni majirani wa jamaa, wengine wamepewa namba na fundi wa ujenzi. Swali lao ni moja: mwanangu amechaguliwa kusoma usanifu majengo, nimnunulie laptopu gani? Wanatuuliza sisi kwa sababu barua ya kujiunga na chuo haikuwajibu. Barua nilizoonyeshwa zinataja ada, malazi, ubao wa kuchorea, rula ya T, kalamu na karatasi za kunakilia. Zikifika kwenye kompyuta, zinasema tu kwamba mwanafunzi awe nayo.

Naandika kuwaomba jambo moja. Kila idara iambatanishe na barua ya kujiunga ukurasa mmoja unaotamka programu zinazofundishwa, mwaka zinapoanza kutumika, na kompyuta inayoweza kuzibeba. Ukurasa huo hautaigharimu idara fedha yoyote, na utaziepusha familia nyingi na hasara ambayo leo zinaipata bila mtu wa kuzionya.

Tuanze na fedha, maana ndiko maumivu yaliko. Kompyuta mpakato mpya yenye kadi ya picha inayojitegemea mara nyingi hupita shilingi milioni mbili. Yupo mzazi anayeuza mahindi ya msimu mzima ili aipate. Yupo anayekopa kwenye kikoba, na wapo ndugu wanaochangishana kama wanavyochangia harusi. Fedha hiyo ikishatoka, haitoki tena kabla mtoto hajamaliza chuo. Mwanafunzi wa sheria au wa ualimu akinunua kompyuta isiyomfaa sana, bado ataandika kazi zake na kuziwasilisha. Wa usanifu majengo akikosea, mashine inagoma kufungua programu aliyopangiwa na mwalimu wake, naye anabaki kuazima ya mwenzake usiku, wakati mwenyewe amelala.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kununua mashine dhaifu. Mzazi anaingia dukani, anaomba laptopu nzuri ya chuo, anapewa yenye RAM ya GB 4 na diski ya kizamani inayozunguka. Inaandika barua vizuri na kucheza filamu bila tatizo. Siku ya kuchora jengo la ghorofa tatu inaganda, na kazi ya wiki nzima inapotea kabla haijahifadhiwa.

Kosa la pili ni kununua mashine nzuri isiyolingana na programu, na hili huwaumiza zaidi wazazi waliojinyima. Revit, programu ya kuchora majengo ambayo kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2002 na ambayo ofisi nyingi sasa zinaidai kwa waombaji kazi, imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Lumion, inayopendwa na wanafunzi kwa picha zake, ni vivyo hivyo. Mzazi aliyesikia kwamba kompyuta za Apple hudumu anamnunulia mtoto MacBook kwa fedha nyingi, akiamini amemaliza kazi. Tangu Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe mwishoni mwa mwaka 2020, ile njia ya zamani ya kuweka Windows kando ya mfumo wa Apple haipo katika mashine hizo. Mwanafunzi anaanza kuhangaika na programu za kuigiza Windows, na kila kitu kikikwama hana pa kulalamika.

Siisemi vibaya Apple. Archicad ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria ilikulia kwenye kompyuta za Apple miaka ya 1980, na hadi leo inafanya kazi kwenye Mac na kwenye Windows. SketchUp na Rhino nazo zinapatikana pande zote mbili. Idara inayofundisha Archicad, SketchUp na Rhino inaweza kumruhusu mwanafunzi aje na Mac bila wasiwasi. Idara inayofundisha Revit haiwezi. Ndiyo maana nasema programu ndiyo inayochagua kompyuta, na anayeijua programu ni idara. Muuza duka haijui, mzazi haijui, na mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita juzi haijui. Tahadhari hiyohiyo inazihusu laptopu nyembamba za Windows zenye prosesa za Snapdragon X zilizoingia sokoni mwaka 2024. Betri zake zinakaa muda mrefu, lakini programu nyingi za fani yetu ziliandikwa kwa prosesa za Intel na AMD.

Kosa la tatu ni kununua nguvu kabla ya wakati wake. Kijana anashauriwa na rafiki kwamba bila laptopu ya kuchezea michezo ya video hatafaulu. Familia inajibana, inanunua mashine nzito yenye taa za rangi kwenye vitufe, na mwaka wa kwanza wote inatumika kuandika ripoti na kutazama video za masomo. Mashine inapoanza kuhitajika kweli, mwaka wa tatu au wa nne, betri imechoka, bawaba za kioo zimelegea na dhamana ya duka imekwisha.

Makosa haya matatu yana dawa moja, nayo ni taarifa iliyotoka mahali sahihi kwa wakati sahihi. Naomba nieleze kwa urefu kidogo kile ambacho ukurasa huo ungesema, kwa sababu ninyi mnakifahamu lakini wazazi watakaosoma waraka huu hawakifahamu.

Kompyuta ya usanifu majengo hufanya kazi za aina tatu, na kila moja inategemea sehemu yake. Ya kwanza ni kuchora na kujenga jengo ndani ya programu. AutoCAD, SketchUp na Revit zinapochora hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa kuliko wingi wa viini. Prosesa ya kati yenye viini vyenye kasi itamfaa mwanafunzi kuliko ya zamani iliyopambwa kwa jina kubwa. Kazi ya pili ni kuweka mambo mengi wazi kwa pamoja: mchoro, picha za marejeo, ramani, kitabu cha PDF na programu ya kupanga kurasa za uwasilishaji. Hapo ndipo RAM inapohesabika. Matoleo ya karibuni ya Revit yanataka GB 16 kama kianzio, kwa hiyo GB 8 inatosha kuanzia mwaka wa kwanza lakini haitoshi kumalizia masomo. Kazi ya tatu ni kurenda, yaani kutoa picha ya jengo ikiwa na mwanga, vivuli, miti na watu. Lumion, Enscape na Twinmotion huifanya kwa kadi ya picha, na kadi hiyo inahitaji kumbukumbu yake yenyewe. Kadi yenye GB 4 itajikongoja, yenye GB 6 itamvusha mwanafunzi, na yenye GB 8 itampa nafasi ya kupumua.

Diski nayo isisahaulike. Diski ya SSD ndiyo inayofanya mashine iwake na kufungua faili upesi, na tofauti yake na diski inayozunguka huonekana hata kwa mtu asiyejua kompyuta. GB 256 hujaa haraka, maana mfumo wa Windows, programu tatu au nne za kuchora na maktaba za picha huzimaliza kabla ya kazi za mwanafunzi mwenyewe. GB 512 ni kiasi cha busara.

Sasa nifike kwenye mwaka wa kwanza, ambako nadhani idara zina uwezo mkubwa wa kuwasaidia wazazi, kwa sababu mwaka huo kompyuta inaweza kusubiri kalamu. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini mwetu, alibuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la miavuli ya zege lilipangwa likinge maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi ya chini ya ardhi. AutoCAD ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1982, miaka saba baada ya soko hilo kufunguliwa. Mchoro wa jengo lile ulitoka kwenye kalamu, rula na kichwa kilichozoezwa kufikiri kwa vipimo. Mwanafunzi wa leo anayejifunza usanifu kwa kuanzia kwenye kioo hukosa mazoezi hayo. Anaweza kukuza na kupunguza mchoro bila mwisho, asijue mlango wa sentimita tisini unaonekanaje kwa macho, wala kitanda kinachukua nafasi gani chumbani. Tunawaona wanapokuja ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Aliyechora kwa mkono mwaka mzima anaijua skeli bila kuambiwa.

Idara ikitamka kwamba mwaka wa kwanza kazi za studio ni za mkono, na kwamba maabara ya kompyuta ya chuo inatosha kwa somo la utangulizi la kompyuta, mzazi anapata mwaka mzima wa kujiandaa. Katika mwaka huo mtoto ataijua programu anayoihitaji, atajua kama fani imemkaa, na ataona mashine za wanaomtangulia zinavyofanya kazi. Familia isiyoweza kununua mara mbili itanunua mara moja, mwanzoni mwa mwaka wa pili, ikiwa na macho. Familia inayotaka kununua mapema ielekezwe kwenye mashine inayoweza kuongezwa: RAM ya GB 8 yenye nafasi ya kuongeza hadi 16 au 32, na nafasi ya kubadilisha SSD. Hapa neno la idara lina thamani kubwa, kwa sababu laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyolehemewa kwenye ubao mama, na kompyuta mpakato za Apple zinazouzwa sasa haziongezwi RAM kabisa. Ulichonunua dukani ndicho utakachomaliza nacho.

Lipo pia soko la mtumba, nalo ndilo soko la wengi. Tuliheshimu na kulisemea ukweli. Katika mitaa ya Kariakoo zipo laptopu nzuri zilizotumika katika makampuni ya nje na kupitia Dubai hadi kwetu. Miongoni mwake zimo Dell Precision, HP ZBook na Lenovo ThinkPad za daraja la P, mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wasanifu. Mwanafunzi akipata moja iliyo nzima, atakuwa na mashine imara kuliko mpya nyingi za bei hiyohiyo. Lakini soko hilohilo linamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeandikwa Core i7.

Jina la i7 linataja daraja la prosesa. Umri wake unatajwa na namba inayofuata. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili tu. Prosesa ya i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. Anayeuziwa ya kwanza kwa bei kubwa kwa sababu ya herufi na tarakimu ya mbele ameibiwa akiwa macho. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 kwa kawaida inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, au, kwa laptopu za AMD, Ryzen za mfululizo wa 3000. Mashine za chini ya hapo zimeshuka bei na zitaendelea kumiminika sokoni kwetu. Mwanafunzi anayeanza masomo ya miaka kadhaa hapaswi kununua mashine ambayo mtengenezaji wa mfumo wake amekwisha kuiaga.

Ukurasa wa idara unaweza kumfundisha mnunuzi wa mtumba kukagua mashine pale pale dukani. Aiwashe na kusoma mwenyewe jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM katika mipangilio ya Windows, asikubali stika iliyobandikwa pembeni ya vitufe. Afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Aingie kwenye mipangilio ya kuanzia ya mashine kuhakikisha hakuna nenosiri la kampuni iliyoimiliki zamani, maana bila nenosiri hilo mnunuzi hataweza kubadilisha mipangilio hiyo. Aombe ifanye kazi nzito kwa nusu saa, huku akisikiliza feni na kushika sehemu ya chini kuona joto. Mwuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amejibu swali.

Chaja nayo ina habari yake. Laptopu yenye kadi ya picha yenye nguvu mara nyingi hutumia chaja ya wati 180 au zaidi. Ikipewa chaja ndogo ya wati 65 ya kuokoteza, mashine inajipunguzia kasi au inakataa kuchaji, na mwanafunzi anadhani imeharibika. Mashine hizo hata zikiwa nzima hazitoi nguvu yake yote zikiwa kwenye betri. Mwanafunzi anayepanga kurenda hosteli umeme ukiwa umekatika anajidanganya, na ni heri aambiwe mapema.

Mazingira yetu yanastahili mistari michache kwenye ukurasa huo. Joto la Dar es Salaam huchosha feni na vumbi la Dodoma huziziba, na mashine iliyopata joto hupunguza kasi ili isijiunguze. Kuipeleka kwa fundi ikasafishwe na kuwekewa dawa mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa ni gharama ndogo, na mara nyingi mwanafunzi anayelalamika kwamba laptopu imezeeka anahitaji hilo tu. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika huua chaja, kwa hiyo kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme si anasa. Kipanya chenye gurudumu la katikati ni cha bei ndogo kuliko vyote, lakini kuzungusha na kusogeza jengo katika AutoCAD au SketchUp bila hicho ni mateso. Na kila kazi iwekwe nakala mahali zaidi ya pamoja: kwenye mashine, kwenye diski ya nje inayoachwa chumbani, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laptopu huibwa, humwagikiwa chai, huanguka kwenye daladala. Mwanafunzi anayepoteza laptopu asipoteze na mwaka wa masomo.

Ndugu Wakuu, kuna suala la leseni ambalo liko mikononi mwenu moja kwa moja. Autodesk huwapa wanafunzi programu zake bure kwa matumizi ya masomo, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka mradi mwanafunzi athibitishe kwamba bado yuko chuoni. Graphisoft nayo inatoa Archicad kwa wanafunzi bila malipo. Blender ni bure kwa kila mtu, ilhali inatoa picha ambazo ofisi kubwa hazioni haya kuzitumia. Pamoja na hayo yote, wanafunzi wetu wengi bado wanabeba programu za wizi kwenye flashi, na programu hizo huja na virusi vinavyokula faili zao wiki ya uwasilishaji. Wengi hawafanyi hivyo kwa kupenda. Wanashindwa kuthibitisha uanafunzi wao kwa sababu baruapepe ya chuo imechelewa, na hawana bando la kupakua programu yenye GB nyingi. Mkiwapa baruapepe wiki ya kwanza na kuwaruhusu wapakue kwa mtandao wa chuo saa za usiku, mtakuwa mmeondoa sababu kuu ya wizi huo.

Maabara nayo ina sehemu yake. Kompyuta za mezani kwa fedha ileile hubeba kadi za picha zenye nguvu kuliko laptopu, hupoa vizuri zaidi na hutengenezeka kwa urahisi. Idara yenye kompyuta chache nzuri za mezani, zinazofunguliwa hadi usiku katika wiki za uwasilishaji, inaweza kumwambia mwanafunzi maskini kwamba hahitaji kadi ya picha ya GB 8. Anahitaji laptopu ya kuchorea tu, na kurenda atakuja kurendea hapa. Maneno hayo yanaweza kupunguza bei ya mashine yake kwa kiasi kikubwa. Lakini yasemwe pale tu ambapo maabara iko wazi kweli, umeme upo na mashine zinawaka. Maabara inayofungwa saa kumi jioni haimsaidii mwanafunzi wa studio, ambaye kazi yake huanza jua likizama.

Ninajua pingamizi litakalotolewa. Mtasema teknolojia hubadilika haraka, na ukurasa wa mwaka huu utakuwa umechakaa mwakani. Ni kweli, kwa hiyo uandikwe upya kila mwaka. Ni kazi ya alasiri moja ya wahadhiri wawili na fundi wa maabara. Mtasema pia kila mhadhiri ana programu yake anayoipenda. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mwanafunzi anayedaiwa SketchUp muhula mmoja, Revit muhula unaofuata na Rhino mwaka wa tatu, bila idara kukaa na kukubaliana, analipia kutokubaliana kwenu kwa fedha ya wazazi wake. Kuandika ukurasa huu kutawalazimu kuketi pamoja na kuamua programu zipi ni za msingi, na uamuzi huo utawafaa hata kwenye mtaala.

Wengine watahofia kwamba kutaja vigezo kutawatisha watoto wa maskini. Ukimya ndio unaowaumiza zaidi. Mtoto wa mwenye nacho akikosea, atanunuliwa nyingine. Mtoto wa mkulima akikosea, kosa hilo atakaa nalo hadi siku ya mahafali. Zaidi ya hayo, ukurasa uliosainiwa na idara ni hati. Mikopo ya elimu ya juu nchini ina kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, na mwanafunzi au chuo kinachotaka kompyuta itazamwe kama chombo cha lazima cha fani hii kinahitaji maandishi ya kusimamia. Hata mfadhili, kanisa, msikiti au mwajiri wa mzazi akiombwa mchango, atauliza: chuo kimesema nini? Leo mwanafunzi hana cha kumwonyesha.

Basi maombi yangu ni haya.

Kwanza, kila idara ichapishe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kuuambatanisha na barua ya kujiunga kabla familia hazijaanza kununua. Utaje programu kwa majina, mwaka zinapoanza, mfumo unaotakiwa, kizazi cha chini cha prosesa, RAM, SSD na kumbukumbu ya kadi ya picha. Utofautishe kilicho cha lazima na kilicho cha hiari.

Pili, tamkeni wazi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kusoma bila kompyuta yake mwenyewe. Kama jibu ni ndiyo, hakuna mhadhiri atakayemnyima alama kwa kuchora kwa mkono.

Tatu, hakikisheni baruapepe za chuo zinatolewa wiki ya kwanza ya masomo ili leseni za bure zipatikane, na nafasi ya kupakua programu chuoni iwepo.

Nne, tangazeni saa za maabara na mziheshimu, hasa katika wiki za kuwasilisha kazi mbele ya jopo.

Kwa wazazi na wanafunzi watakaousoma waraka huu kabla idara hazijajibu, nasema hivi: msinunue kwanza. Pigeni simu idarani, ulizeni kwa majina programu zinazofundishwa na mwaka zinapoanza, kisha ndipo muingie dukani. Mkilazimika kununua leo bila jibu, chukueni mashine ya Windows yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au ya AMD inayokubali Windows 11. Iwe na RAM ya GB 16, au 8 inayoweza kuongezwa, SSD ya GB 512 na kadi ya picha yenye angalau GB 4. Haitakuwa ya kifahari, lakini itafungua karibu kila programu atakayopewa mwanafunzi kwa miaka yake ya mwanzo.

Ndugu Wakuu, ninyi ndio wa kwanza kumfundisha mwanafunzi kwamba jengo haliinuliwi kabla udongo haujapimwa na mahitaji ya mwenye nyumba hayajaandikwa. Fanyeni vivyo hivyo kwa chombo chake cha kazi. Toeni ukurasa huo kabla ya udahili ujao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msanifu majengo,
Dar es Salaam.